Wasanii na mioto ya nyika: ni faraja, ushahidi au kiki kwenye majivu ya watu?

#1 Mtoro wa Ukutani
Wakuu salaam. Jana nimekesha naangalia picha za mji wa Paradise, California, ule ulioungua Novemba 8, 2018, watu 85 wakafa na majengo zaidi ya 18,000 yakaisha. Sasa kuna picha moja imenikaa kichwani. Nyumba yote imelala chini, kilichobaki ni chimni tu, ile dohani ya kutolea moshi, imesimama peke yake katikati ya majivu, na kwenye ile chimni kuna mtu kachora uso wa mwanamke, mkubwa, mweusi na mweupe, anakutazama. Aliyechora anaitwa Shane Grammer, ya kwanza aliichora kwenye mabaki ya nyumba ya rafiki yake siku ya mwisho wa mwaka ule ule, alafu akaendelea na nyingine.

Ni kazi nzuri, sibishi. Ila msimamo wangu ni huu na naombeni mnipinge kwa hoja: msanii anayekimbilia majivu ya mwenzie hana tofauti na wale wanaotoa simu kwenye ajali kabla ya kutoa msaada. Mwenye nyumba bado anachambua vumbi anatafuta pete ya marehemu mama yake, wewe unatafuta ukuta. Hii ni faraja kweli au ni kiki?

#2 Kiazi Kitamu
Nimevuta kigoda, karanga ninazo.

#3 Binti Mrima
Mleta mada umejipinga mwenyewe humo humo. Umesema nyumba ya rafiki yake, sasa kukimbilia kukoje hapo? Mtu akifiwa jirani yake anaepika anakuja na sufuria, anaejua kusoma Qur'an anakuja kusoma, anaejua kuchora unataka akae nyumbani kwake mikono mfukoni?

Alafu kwa Paradise hiyo hiyo ungeangalia na ile kazi ya Jessie Mercer. Huyu dada ni wa huko huko, aliomba watu wamletee funguo za milango iliyoungua. Fikiria, umekimbia na funguo mfukoni, nyumba haipo, ufunguo upo na unafungua hewa. Hauwezi kuutupa na hauna kazi nao. Alikusanya kama 18,000, za nyumba, magari, makanisa, mashule, akazichomelea zikawa ndege mkubwa wa kilo zaidi ya 350, akauonyesha moto ulipotimiza mwaka mmoja. Hao waliompa funguo hakuwanyang'anya, walimpelekea wenyewe. Niambie kiki iko wapi hapo.

#4 Mtoro wa Ukutani
Binti Mrima hiyo ya funguo nakupa, imenipiga. Ila ona tofauti, yule wa funguo aliomba na akapewa. Chimni je? Kama mwenye kiwanja yuko hotelini mji wa jirani na watoto watatu, nani kamuuliza kuhusu chimni yake?

#5 Zee la Mikoko
Vijana mnaongea kama hii kitu imeanza na simu za kamera. Kule Australia kulikuwa na moto Februari 6, 1851, wenyewe wanaiita Alhamisi Nyeusi, inasemwa kama robo ya jimbo la Victoria ilipitiwa. Mchoraji William Strutt alikuwepo Melbourne siku ile, akaandika mambo yake kwenye daftari, joto lilivyokuwa na moshi ulivyofunika jua. Picha yenyewe ameimaliza 1864, akiwa ameshasharudi London. Miaka 13! Turubai la mita tatu na ushee urefu, humo ndani watu, farasi, ng'ombe, kangaruu, ndege, wote wanakimbilia upande mmoja hamna anaemwinda mwenzie.

Kwa hiyo bwana Mtoro, kukimbilia ni tabia ya mtu, sio tabia ya sanaa. Kuna waliosubiri miaka 13. Na cha kuchekesha ni kwamba aliyesubiri ndo picha yake inatazamwa mpaka leo.

#6 Kiazi Kitamu
Mzee miaka 13 ndo muda ambao fundi wangu wa madirisha ananisubirisha na mimi. Endeleeni.

#7 Jirani wa Nakuru
Wadau wa Bongo niaje. Nyinyi mnabishana juu ya machozi, mimi nauliza pesa. Kwa sababu msanii akijitokeza kwa janga, siku hizi kinachofuata ni harambee. Ile moto ya Australia ya 2019 kuingia 2020, ile iliteketeza nyumba zaidi ya 3,000, mchekeshaji Celeste Barber alifungua mchango kwa Facebook, akilenga dola 30,000 za kwao. Zikaingia milioni 51. Milioni! Mchekeshaji wa mitandao amechangisha kushinda serikali zingine huku kwetu. Sasa hio si jibu ya sanaa pia? Kuchora chimni hakujengi choo.

#8 Wakili Mtarajiwa
Jirani, stori hiyo umeikata kabla ya utamu. Mchango ulifunguliwa kwa jina la mfuko wa wazima moto wa kujitolea wa jimbo la New South Wales. Pesa zilipofurika yule dada akasema zitagawiwa pia kwa majimbo mengine, kwa familia zilizopoteza nyumba, kwa wanyama. Mahakama ikasema Mei 2020 kwamba haiwezekani, zimechangwa kwa mfuko ule na masharti ya mfuko yanasema za wazima moto, vifaa na mafunzo, na kidogo wakaruhusu zisaidie wazima moto walioumia na familia za waliokufa. Watu waliochanga wakifikiria wale koala wenye bandeji hawakupata walichofikiria.

Sio kwamba ziliibiwa, naweka wazi. Nasema tu msanii ana uwezo wa kukusanya hisia za dunia nzima kwa siku tatu, karatasi za sheria hazisomi hisia.

#9 Jirani wa Nakuru
Eeh, sikuwa najua hio ya korti. Asante wakili. Sasa koala alilala njaa.

#10 Fundi Tezo
Habari zenu. Mimi ni mchongaji, mpingo, miaka ishirini na tano sasa. Nawasoma tangu juzi nikasema niweke langu maana wote mnaongelea moto kama kitu cha California na Australia, wakati mimi moto nakutana nao kila nikipasua gogo.

Iko hivi. Huku kusini misitu ya miombo inawaka kila mwaka, wengine wanatayarisha mashamba, wengine wawindaji, wengine mrina asali kaacha kijinga kinafuka. Moto wa mwezi wa tano, wa sita, nyasi bado zina unyevu, unapita chini chini hauna neno, na kule Kilwa vijiji vinavyotunza misitu yao vinachoma mapema hivyo makusudi. Shida ni ule wa mwezi wa tisa, wa kumi. Ule unaua miche ya mpingo yote, ikichipua tena mwakani unaua tena, mti unakaa miaka una urefu wa goti. Na mkubwa unaopona unaingia ugonjwa wa ndani, kiini kinakuwa na pango. Kwa nje gogo limenyooka zuri, umelipa, umebeba, unapiga tezo ya kwanza, ya pili, ya tatu unasikia sauti imebadilika inaita kama ngoma iliyolegea. Hapo unajua umeumia.

Zamani gogo la hivyo tulikuwa tunatoa vitu vidogo vya pembeni, vibanio vya nywele, vijiko. Mwaka fulani nikasema hapana, nikaliacha pango lilivyo na weusi wake wa kuungua, nikachonga watu wanatoka ndani yake wanashikana mikono. Akaja mgeni mmoja akaniuliza hili tundu umelitoboa kwa nini. Nikamwambia sijatoboa, ni moto. Akashika mdomo. Akalipa mara tatu ya bei niliyokuwa nimepanga kumtajia.

Sasa Mtoro niambie mimi nimefanya kiki au nimefanya nini. Maana hata mimi sijajijibu. Nililala vizuri siku ile lakini.

#11 Binti Mrima
Fundi umeniliza. Watu wanatoka kwenye pango la moto wameshikana mikono, alafu anakuja mtu kusema ni kiki. Weka picha basi.

#12 Mtoro wa Ukutani
Fundi heshima yako. Ila swali la kichokozi: magogo yenye pango uliyochonga baada ya hapo, yote yalikuwa ya moto kweli au mengine ulitoboa na patasi?

#13 Fundi Tezo
Hahahaha. Mawili nilitoboa. Naomba wanunuzi wasipite huku.

#14 Mpagazi Mstaafu
Sasa fundi kanikumbusha kitu. Mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka kumi na moja, njia ya Marangu zaidi. Oktoba 11, 2020 moto ulianzia Whona, pale pa kupumzikia kati ya kambi za Mandara na Horombo, siku zile ilisemwa ni wapagazi walikuwa wanapasha chakula cha wageni, na sisi wapagazi mpaka leo hatupendi hiyo stori maana kila moto mkosaji ni mpagazi au mrina asali. Kilomita za mraba kama 95 zikaungua. Ile mibangi mikubwa ya juu, sijui mnaiitaje huko kwenu, ile miti yenye ndevu, ukipita mwezi mmoja baadae ilikuwa imesimama kama vijiti vya kiberiti vilivyotumika, na ukigusa mkono unatoka mweusi mpaka kiwiko.

Swali langu. Nimepita mbele ya maduka ya picha Moshi, Arusha, mpaka Dar kwa watu wa michoro ya tingatinga. Kuna anayejua tingatinga yoyote ya mlima unaungua? Mimi sijaona. Mlima una theluji nyingi kuliko iliyopo kweli, mbele tembo, twiga, Mmasai, jua jekundu. Moto haupo. Mlima umewaka 2020 umewaka tena 2022 pale kambi ya Karanga, kwenye picha hamna hata moshi.

Kwa hiyo mnaosema wasanii wanakimbilia majivu, wa kwetu mbona hawakukimbia?

#15 Zee la Mikoko
Mpagazi hiyo miti ni mierika, ukiita mibangi humu ndani utakamatwa.

#16 Mpagazi Mstaafu
Mzee sisi kambini tunaiita tunavyoiita 😂

#17 Rangi ya Baiskeli
Namjibu wa #14, nachora tingatinga tangu nimemaliza la saba. Jibu ni jepesi na linauma: hainunuliki. Mtalii katoka kwao kaja kupanda mlima, anataka arudi na mlima aliouota. Hatumii laki mbili kununua kitakachomkumbusha kwamba siku ya tatu alivuta moshi. Nilijaribu mara moja, sio Kilimanjaro, nilichora mbuga inawaka na swala wanakimbia, ilikaa ukutani mpaka utando wa buibui ukawa sehemu ya mchoro. Mwisho nikapaka juu yake nikachora pundamilia. Wakaondoka wiki ile ile.

Wamarekani wana makumbusho na mifuko ya ruzuku inayomlipa mtu achore majonzi. Mimi kodi ya fremu tarehe moja. Mkitaka sanaa ya majanga toeni oda.

#18 Mwana wa Malenga
Wakuu mnanikumbusha kazi yangu, naacha ubeti kisha napita.

Moto umepita bara, mlima wote majivu,
Mchoraji kwa papara, aja na kapu la wivu,
Aokota kwa ishara, kijiti na gogo kavu,
Aliyepata hasara, nani amfute kovu?

#19 Kiazi Kitamu
Kapu la wivu ndo nini sasa 😂😂 sema tu kina kilikukaba.

#20 Wakili Mtarajiwa
Na "mlima wote majivu" mbona nahesabu saba.

#21 Mwana wa Malenga
m-li-ma-wo-te-ma-ji-vu. Nane. Rudi shule wakili. Kapu la wivu nakubali nilikabwa.

#22 Mlezi Ughaibuni
Wapendwa, niko Pasadena, kule California, kazi yangu kulea wazee majumbani. Altadena ni hapo juu yetu tu, moto wa Eaton umeanza Januari 7, 2025 jioni na upepo ule nyumba inatikisika, asubuhi mtaa haupo. Majengo zaidi ya 9,000, watu 19 wakafa. Nilikuwa namlea bibi mmoja Mmarekani mweusi, nyumba waliinunua na mumewe enzi ambazo mitaa mingi ya Los Angeles mweusi hauziwi nyumba, Altadena ndo walipata pa kukaa. Nyumba ikaisha yote. Yeye alitolewa salama anashukuru Mungu, lakini akawa hasemi.

Kuna msanii huku alitangaza anachora bure nyumba zilizoungua, unamtumia picha yoyote uliyonayo anakuchorea kwa wino mistari myeusi kwenye karatasi. Maombi yakawa mengi balaa. Mtoto wa bibi akatuma picha aliyoitoa kwenye ramani ya intaneti maana albamu zote ziliungua. Ikaja. Nikampa bibi mkononi, akaiangalia muda mrefu, mimi nimeshika tishu nasubiri kilio. Akasema: mlimau uko upande wa kulia, huyu kaweka kushoto.

Basi kuanzia hapo akafungua mdomo. Mlango ulikuwa wa kijani, ngazi ya pili ilikuwa imepasuka, mlimau alipanda mumewe na ulikuwa unazaa hadi wanaweka ndoo barabarani watu wajichukulie. Siku tatu anamkosoa yule msanii. Alikuwa hajaongea wiki mbili.

Sijui mtaita kitu gani hicho. Ushahidi, faraja, kiki. Mimi niliona bibi kapata wa kugombana nae.

#23 Binti Mrima
Mlezi ahsante. Nimesoma mara mbili.

#24 Chungu Chekundu
Mie mfinyanzi, nimewasoma wote na naona kuna kitu kinapitwa. Mnaongea kama majivu ni majivu. Hapana. Huko Marekani imekuwa kama mtindo, wafinyanzi wanachukua majivu ya moto kutengenezea gilezi, ile rangi inayogeuka kioo juu ya chungu. Kwa majivu ya kuni ni jambo la kale kabisa, Wachina na Wajapani wanafanya karne na karne. Unachekecha, unaloweka, unamwaga maji yake mara kadhaa (vaa glavu, yale maji yanakula ngozi kuliko magadi), unakausha, unachanganya na udongo na mchanga laini, unachoma juu ya nyuzi 1,200. Inatoka kijani cha majimaji ya mto au kahawia inayotiririka kama asali. Ukiona inavyoshuka pembeni ya chungu unaweza kulia.

Lakini nyumba iliyoungua sio kuni. Ni rangi za zamani zenye risasi, asbestosi, betri za magari ya umeme, friji, nyaya. Altadena nyumba nyingi ni za kabla ya miaka ya 70. Ukichukua majivu ya sebule ya mtu ukatengeneza kikombe cha chai umemnywesha sumu kwa jina la kumbukumbu. Wengi wanaojua kazi wanachukua ya mti wa uani tu au wanafanya chombo cha kutazama. Kwa hiyo Mtoro kabla hujauliza kama ni haki, uliza kama kinaoshwa kwa sabuni.

#25 Mtoro wa Ukutani
Chungu umenifungua macho, kumbe hata maadili yana kemia. Nakiri nimelegea kidogo na bibi wa mlimau kanimaliza. Ila nimesoma nimeona upande mwingine ambao sikuufikiria mwanzo: wengi wa hawa wasanii ni waathirika wenyewe. Kelly Akashi, anafanya kazi za vioo na shaba, nyumba na studio yake Altadena viliungua Januari 2025 na alikuwa na maonyesho Los Angeles mwezi ule ule. Yakasogezwa mbele kidogo tu, Februari akafungua, na humo kuna vitu vya shaba alivyovichimbua kwenye majivu yake mwenyewe, moto umeviachia rangi zake. Huyo siwezi kumwita mkimbiliaji. Anatembea kwake.

Sasa swali langu linageuka. Je, anayeungua ndo pekee mwenye ruhusa?

#26 Zee la Mikoko
Na kwa nini waungue wasanii wengi hivyo kwa mpigo? Ni kodi ya nyumba. Msanii anatafuta pa kuweka tanuru na mbao bila jirani kulalamika, anakwenda pembeni ya mji karibu na mlima, karibu na pori, ambapo ndipo moto unapoingilia. Altadena ilikuwa hivyo, pamoja na hilo la ubaguzi alilosema Mlezi. Mchoraji mkubwa mweusi Charles White aliishi huko, kuna bustani ya umma ina jina lake. Kwa hiyo msimwambie msanii amefuata moto, moto ndo umefuata kodi nafuu.

#27 Jirani wa Nakuru
Zee hapo umepiga ndipo ingawa Palisades, huko huko Los Angeles, nayo iliungua siku hio hio na huko hakuna kodi nafuu hata ya kuku. Kule nasikia muziki wote wa Schoenberg uliungua, yule mtunzi wa Austria, maandishi yake yote ya mkono. Sasa hapo hata uwe tajiri.

#28 Wakili Mtarajiwa
Jirani leo umeamka na mimi 😂. Sio maandishi ya mkono. Yale ya asili yapo kituo cha Schönberg, Vienna, salama. Kilichoungua Palisades ni hazina ya kampuni ya familia inayokodisha na kuuza nota kwa waimbaji na okestra, kama nakala 100,000. Hasara kubwa, ila muziki haujapotea.

Na pesa kwa kuwa unazipenda: taasisi ya sanaa ya Getty na wenzake walianzisha mfuko wa wasanii na wafanyakazi wa sanaa walioungua, wakaanza na dola milioni 12. Jumba la makumbusho la Getty lenyewe kule pwani, lile la vitu vya Kigiriki na Kirumi, moto ulifika mpaka uwanjani na jengo likapona, walikuwa wamefyeka vichaka mapema na kulowesha ardhi. Msanii maskini hana mtu wa kumfyekea.

#29 Fundi Tezo
Kufyeka mapema. Si ndo nilichosema #10, ila mimi sina jumba la Kigiriki.

#30 Mwana wa Malenga
Naongezea kitu kwenye swali la Mtoro la ruhusa. Kuna mzungu mmoja Australia, John Wolseley, mzee sana sasa. Yeye hachori moto wala miti iliyoungua. Anabeba karatasi kubwa anatembea nayo ndani ya pori lililoungua, vile vijiti vyenye mkaa vinamkwaruza karatasi, vinaacha alama zao, mistari, madoa. Yaani mti ulioungua ndo unaandika. Akirudi nyumbani anaongeza ndege na mbegu kidogo pembeni. Hapo mwenye kazi ni nani, yeye au kichaka?

#31 Kiazi Kitamu
Mimi watoto wangu wanafanya hivyo kwenye ukuta wa sebuleni kila siku na hamna galari iliyopiga simu.

#32 Chungu Chekundu
Namjibu Malenga. Huko huko Australia kuna wenye moto wao, Waaborijini, na kwao moto sio janga peke yake, unatumika kutunza nchi kama alivyosema fundi kuhusu vijiji vya Kilwa. Clifford Possum Tjapaltjarri mwaka 1977 alichora turubai kubwa, Warlugulong, ni mahali ambapo mzee wa kale aliyekuwa mjusi aliwasha moto kuwaadhibu wanawe wawili waliokula kangaruu bila kumgawia. Ukiangalia unaona nukta na njia na mifupa ya watoto wawili, ni moto na ni ramani kwa pamoja. Sasa kaeni chini: benki iliinunua dola 1,200 za kwao ikaitundika kwenye kantini. 2007 ikauzwa milioni 2.4, Jumba la Sanaa la Taifa lao ndo lilinunua. Yeye alishafariki 2002.

#33 Rangi ya Baiskeli
KANTINI. Watu wanakula ndizi nyama chini ya milioni mbili na nusu. Na mwenye mkono wake kaburini. Sitaki kusikia mtu akiniambia nifuate moyo.

#34 Mzawa wa Kitabu
Nimechelewa uzi, nakuja na Afrika maana mmeruka. Aprili 18, 2021, moto ulianza mlimani Cape Town, mteremko wa Table Mountain, ukashuka mpaka chuo kikuu na kuunguza chumba cha kusomea cha Jagger, maktaba ya mambo ya Afrika. Vitabu, vijarida, filamu za Kiafrika zaidi ya 3,000, nyingine hazipatikani popote. Milango ya kuzuia moto ikaokoa ghala la chini, alafu maji ya wazima moto yakaingia humo humo. Wakaja wa kujitolea wamepanga mstari wanapitishiana kreti za plastiki mkono kwa mkono, vitabu vilivyolowa vikaingizwa kwenye makontena ya baridi vigande ili visiote ukungu.

Mwaka uliofuata kukawa na maonyesho hapo hapo chuoni kwenye shule yao ya sanaa. Karatasi iliyoungua pembeni ukiitazama karibu inakuwa na tabaka tabaka kama kitunguu, maandishi yanabaki kama rangi ya fedha kwenye weusi. Nilichojiuliza mimi: kitabu kilichoungua nusu ukikiweka kwenye kabati la kioo kimeshageuka sanaa, au bado ni kitabu kinachosubiri mtu akisome hiyo nusu iliyobaki? Mkutubi atakujibu vingine na mchoraji vingine, na kitabu ni kile kile.

#35 Mtoro wa Ukutani
Mzawa ungekuja mapema nisingeandika upuuzi wa #1. Sio kwamba nimeshawishika, kwa zile chimni bado nina shaka. Na nasoma kwamba kusafisha viwanja Paradise kulivunja machimni mengi, kwa hiyo hata zilizochorwa hazikukusudiwa kudumu. Labda hapo ndo pananituliza, sijui.

#36 Binti Mrima
Mtoro kulegea sio aibu. Ila Mlezi hajamaliza stori. Yule msanii alirudia mchoro? Mlimau ukahamishwa?

#37 Mlezi Ughaibuni
Jamani nilikuwa zamu ya usiku. Hapana, hatukumsumbua, alikuwa na foleni ya watu. Bibi mwenyewe aliomba kalamu. Mkono unatetemeka ila akachora mlimau upande wa kulia, na chini yake ndoo. Wa kushoto hakuufuta. Sasa nyumba ina milimau miwili na akija mgeni anamwambia huo mwingine ni wa jirani.

#38 Kiazi Kitamu
Karanga zimeisha. Fundi Tezo PM yako imejaa, futa meseji, kuna mtu anataka kile chenye pango. La moto, sio la patasi.